Tunaye, kabla hatujamjua ni nani

Alhamisi ile ya tarehe 8 Mei 2025, jumuiya yetu ilikuwa imekusanyika kusali rozari, kama tunavyofanya kila jioni ya mwezi wa Mama Maria hapa Tabora. Tulikuwa kwenye tendo la tatu la mwanga, Yesu anapotangaza Ufalme wa Mungu, mara simu ya kijana aliyeketi mlangoni ikaanza kutoa sauti ya kengele. Ilikuwa saa 1 na dakika kama 7 usiku. Mama mwenyekiti alimaliza Salamu Maria iliyokuwa mdomoni, akaibana punje ya rozari kwa vidole viwili asije akapoteza mahali, ndipo akauliza: "Moshi?"

"Mweupe, mama."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilimwamsha mtoto aliyelala mkekani. Moshi mweupe kutoka Vatikani husema tu kwamba makardinali wamemchagua Papa mpya. Na hakuna hata mmoja wetu aliyejua nani amechaguliwa.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Siku zile mitandaoni kila mtu alikuwa anauliza nani atashinda, nani ana kura ngapi, bara gani zamu yake, kana kwamba ni ubunge. Lakini Kanisa lina namna yake ya kutoa habari hii, na kwangu namna hiyo ni hazina. Furaha inatangazwa kwanza, jina linafuata baadaye.

Sikiliza maneno yenyewe. Kardinali wa kwanza katika daraja la mashemasi anatokea kwenye roshani ya kati ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro na kusema kwa Kilatini: Annuntio vobis gaudium magnum, habemus Papam. Ninawatangazia furaha kuu, tunaye Papa. Hiyo "furaha kuu" ndiyo ile ya Injili ya Luka, malaika alipowaambia wachungaji usiku: "ninawaletea habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote." Na wachungaji wale nao waliambiwa wafurahi kabla hawajamwona mtoto.

Halafu habemus. Wengine hutafsiri "tumempata Papa", na si kosa, lakini mimi napenda "tunaye". Kumpata mtu kunanukia msako na ushindani. Tunaye ni neno la nyumbani, la mtu anayeulizwa kama baba yupo. Wanahistoria wengi huunganisha tamko hili na mwaka 1417, kwenye Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, wa Konstanz. Kwa miaka mingi Kanisa la Magharibi lilikuwa limepasuka, na ilifika mahali watu watatu walikuwa wanadai kila mmoja kwamba yeye ndiye Papa. Alipochaguliwa Martin V, waumini walikuwa na haki ya kupaza sauti: tunaye, na ni mmoja.

Baada ya moshi tulisubiri zaidi ya saa nzima. Simu ikaegeshwa kwenye chupa ya maji ya baraka, tukamalizia matendo mawili yaliyobaki. Muda huo mteule anakuwa ameshaulizwa kama anakubali na ataitwa nani, kisha anaingizwa kwenye kile wanachokiita Chumba cha Machozi, ambako kanzu nyeupe za vipimo vitatu zinamsubiri, kubwa, ya kati na ndogo. Baadaye makardinali wanamwahidi utii. Kuna wanaolalamika kwamba kusubiri huko ni kirefu mno kwa zama hizi. Mimi naomba kisipunguzwe hata dakika moja. Ni saa pekee ambayo Wakatoliki wote duniani wanampenda mtu ambaye hawajui anatoka wapi.

Kisha Kardinali Dominique Mamberti akatokea, Mfaransa aliyezaliwa Marrakech, Moroko. Tamko hutaja kwanza jina la ubatizo, kwa Kilatini, na jina la ukoo linachelewa. Aliposema "Robertum", mzee wetu mmoja, katekista wa siku nyingi, alisimama. "Sarah!" alisema. Kardinali Robert Sarah wa Guinea alikuwa mmoja wa wapiga kura 133. Likafuata "Franciscum", mzee akaketi taratibu, kisha tukasikia Prevost, kisha jina alilojichagulia, Leo XIV.

Sitaficha kwamba iliniuma. Askofu wetu Mkuu, Kardinali Protase Rugambwa, alikuwa ndani ya Kikanisa cha Sistina, wanamopigia kura, na sisi wa Tabora tulikuwa na ndoto zetu. Mwaka 1978, Kardinali Felici alipotaja jina la Wojtyła, yaani Papa Yohane Paulo II, husimuliwa kwamba baadhi ya watu uwanjani walidhani ni Mwafrika, kwa jinsi jina lilivyokuwa geni masikioni mwao. Ndani ya uchaguzi ule walikuwamo Laurean Rugambwa wa Dar es Salaam na Maurice Otunga wa Nairobi. Kwa hiyo swali la Mwafrika si la jana, na tuna haki ya kuliuliza. Ninachokataa ni kulitanguliza mbele ya "tunaye". Yule mzee aliyeketi taratibu ndiye aliyeanzisha wimbo dakika ile ile.

Mwaka 2013 aliyemtangaza Papa Fransisko alikuwa Kardinali Jean-Louis Tauran, ambaye tayari alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Sauti yake ilikuwa nyembamba, unaona anavyohangaika nayo, na maneno yalikuwa yale yale. Kila ninapousikiliza mkanda ule nashukuru kwamba kazi hii hawapewi watangazaji.

Ijumaa asubuhi nilikwenda misa ya saa 12 na nusu. Tangu Papa Fransisko afariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, padre alipofika kwenye sala ya Ekaristi alikuwa analiruka jina la Papa na kwenda moja kwa moja kwa askofu. Siku 17 nililisikia pengo lile, kama kiti cha baba mezani. Siku hiyo alifika pale pale, akapunguza mwendo, akasema: Papa wetu Leo. Nyuma yangu mama mwenyekiti alilirudia jina hilo kwa sauti ya chini, mara mbili.