Ulimi ukiteleza mubashara: Wamarekani huangalia saa, sisi huangalia nani yuko sebuleni

Tangu nihamie Marekani nimependa vitu vichache kwa dhati, na kimojawapo ni vichekesho vya mubashara. Saturday Night Live inarushwa kutoka studio 8H, jengo la Rockefeller jijini New York, tangu Oktoba 1975. Huku Ohio inaanza saa tano na nusu usiku wa Jumamosi, wakati Dar ni Jumapili asubuhi na watu wako kwenye supu. Waigizaji wanacheza mbele ya watu, kamera zinawapeleka hewani papo hapo, na hakuna mkasi katikati. Wigi likidondoka, limedondoka mbele ya nchi nzima. Ulimi ukiteleza, hali kadhalika.

Hilo la ulimi ndilo ninalotaka kulizungumzia, kwa sababu naamini ndilo linalotunyima kipindi cha namna hii nyumbani, na sioni kwa nini litunyime.

Chukua kisa cha Jenny Slate. Tarehe 26 Septemba 2009 ilikuwa mara yake ya kwanza kabisa kutokea kama mwigizaji wa kipindi hicho. Alikuwa na Kristen Wiig kwenye igizo fupi, wote wawili wakicheza wanawake wa pikipiki wenye kipindi chao cha mazungumzo. Maneno waliyoandikiwa yalijaa lile neno la kukwepa ambalo Wamarekani hulitumia badala ya tusi lao kubwa linaloanza na F. Wakalisema, wakalirudia, wakalirudia tena, na katikati ya kurudia huko Jenny akatoa tusi lenyewe. Ukiitazama klipu unamwona anajaza hewa mashavuni pale pale, ameshajua. Lakini igizo halikusimama. Wiig aliendelea, naye akaendelea, mpaka mwisho. Msimu ulipoisha hakuongezewa mkataba, na hadi leo wapo wanaoapa kwamba ni kwa ajili ya tusi lile. Mwenyewe amesema zaidi ya mara moja kwamba sivyo, hakuwa ameendana na mahali pale tu.

Mimi nasema yule dada alitegwa na kazi yenyewe. Kabla ya kwenda hewani, kipindi chote huchezwa kwanza jioni ile ile mbele ya watazamaji wengine. Baada ya hapo maigizo yanakatwa, sentensi zinabadilishwa, na maneno mapya yanaandikwa kwa mkono kwenye mabango makubwa yanayoshikiliwa kando ya kamera. Mwigizaji anaweza kusoma sentensi ambayo haikuwepo saa moja iliyopita, huku anabadilisha nguo, huku anasikiliza watu wanavyocheka ili ajue aseme lini. Na neno la kukwepa tusi linakaa mdomoni mlango wa pili na tusi. Mpe mtu yeyote alirudie kwa kasi mara nyingi mbele ya mamilioni ya watu, uone.

Hakuwa wa kwanza. Februari 1981 Charles Rocket, mwigizaji wa kipindi hicho hicho, amekaa kwenye kiti cha magurudumu katika igizo la kudhihaki tamthilia ya Dallas, alilitoa tusi lile lile dakika za mwisho za kipindi. Wiki chache baadaye aliachishwa kazi, ingawa mtayarishaji mkuu na waigizaji wengine nao waliondolewa, maana msimu wenyewe ulikuwa umeshaenda mrama. Desemba 2012 ilikuwa zamu ya nyota wa filamu Samuel L. Jackson, na Kenan Thompson, mwigizaji wa kipindi aliyekuwa naye jukwaani, akamwambia hapo hapo kwamba jambo hilo linagharimu hela. Ukumbi ukaangua kicheko. Kristen Stewart, nyota wa filamu aliyealikwa kuwa mwenyeji wa kipindi, aliteleza Februari 2017 kwenye maneno yake ya kufungulia kipindi. Wakamrudisha kuwa mwenyeji tena Novemba 2019. Sam Rockwell, naye mwigizaji wa filamu, aliteleza Januari 2018, na chini ya miezi miwili baadaye alikuwa amesimama na Oscar mkononi.

Angalia mwelekeo wake. Miaka inavyokwenda, watu wamezidi kusamehe.

Sasa sheria ya huku. Chanzo chake kinanigusa, kwa sababu kinafanana na sisi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1973, redio ya WBAI ya New York ilirusha mchana kichekesho cha George Carlin kuhusu maneno yasiyosemwa hewani. Baba mmoja aliyekuwa kwenye gari na mwanawe aliyasikia, akaandika malalamiko kwa FCC, tume inayosimamia mawasiliano. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1978 majaji watano dhidi ya wanne walikubali kwamba serikali ina haki ya kubana lugha hiyo kwenye saa ambazo watoto wanaweza kuwa wanasikiliza. Baba na mtoto wake wamekaa pamoja, tusi likapita katikati yao. Mzazi yeyote wa Temeke au Mombasa anaijua hali hiyo bila kusimuliwa.

Ila Wamarekani wakaichukua aibu ya baba yule wakaigeuza kuwa saa. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, lugha chafu haiadhibiwi kwenye televisheni na redio za kawaida. Nje ya saa hizo kituo kinaweza kupigwa faini, na mwaka 2006 Bunge lao lilipandisha kiwango cha juu kutoka dola 32,500 hadi dola 325,000 kwa kosa moja. Faini ni ya kituo, chenye leseni. Saa inaleta vituko vyake pia. Kuanzia 2017 kipindi kilianza kuonyeshwa mubashara nchi nzima kwa wakati mmoja, kwa hiyo Rockwell alipoteleza, California ilikuwa saa mbili na nusu usiku tu, watoto bado wako macho. Tusi moja, dakika moja, salama New York, na mashakani Los Angeles.

Sisi hatujawahi kupima hivyo. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea, kijana wetu aliweka klipu ya Rockwell kwenye televisheni kubwa sebuleni, akicheka peke yake. Bibi hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Tusi lilipotoka, mke wangu alitazama chini, nami nikajikuta nachezea rimoti. Mama akasimama taratibu, akasema anakwenda kuangalia maharage jikoni. Hapakuwa na maharage jikoni. Baadaye kijana akaniuliza, Bibi amekasirika nini na hakuelewa neno hata moja? Alielewa kila kitu, nikamwambia. Alisoma nyuso zetu. Alijua limepita jambo ambalo mama na mkwewe hawalisikilizi wakiwa chumba kimoja, na akatupa sote nafasi ya kupumua.

Hapo ndipo kilipo kipimo cha nyumbani. Tunauliza nani kasema, mbele ya nani, wakiwa nani kwa nani. Na watu wanakosea wakidhani maana yake sisi hatuna nafasi ya matusi. Tunayo, na ni pana. Kwenye msiba wa babu yangu kule Kisarawe, mtani wetu wa Kinyamwezi alivaa kanzu na kofia ya marehemu, akashika bakora yake, akawa anapita kati ya wafiwa akikohoa kama yeye na kuwatukana ubahili wao wote kwa majina. Tulipofika makaburini akashuka kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe. Bibi yangu, ambaye alikuwa hajanyanyua uso tangu alfajiri, alicheka mpaka kanga ikamtoka kichwani. Maneno yale angeyasema mtu mwingine, pangechimbika. Mtani anayo ruhusa, na kila aliyekuwepo anajua ameipata wapi. Tumekuwa na taarabu ya mipasho, Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano miaka ya tisini, wakirushiana vijembe vya kumkata mtu maini bila neno moja la kufungiwa.

Tatizo ni kwamba televisheni haina mtani. Mchekeshaji akiwa hewani anasikilizwa na mkwe, shehe, padri, mtoto wa darasa la pili na dada wa kazi kwa pamoja, na hana undugu na hata mmoja wao. Kwa hiyo akiteleza, swali letu la kwanza ni kalelewa wapi. Tunamvuta mama yake. Wahenga walituachia kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na tumelichukua neno hilo kwa ukali wote. Ndiyo maana vichekesho vyetu vikubwa vimepita kwenye mkasi kwanza. Vitimbi na Vioja Mahakamani za Kenya zilirekodiwa. Ze Comedy ya kina Joti, Masanja na Mpoki tuliyokuwa tukiikimbilia ilirekodiwa. Churchill Show ilikuwa na watu ukumbini, lakini mtazamaji wa nyumbani aliletewa ikiwa imeshahaririwa. Hivi ni vipindi ninavyovipenda na nitavitetea popote. Lakini siku zote kuna kitu kilibaki chumba cha kuhariri, na nadhani mara nyingine kilichobaki ndicho kilichokuwa hai zaidi.

Na adhabu yetu inamfuata mtu. Novemba 2018 BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, iliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa maneno yake. Mwezi uliofuata, baada ya kuuimba jukwaani, wakafungiwa wenyewe kufanya maonyesho mpaka walipoomba radhi. Pale hapakuwa na ulimi kuteleza, walikusudia, na sitaki kuwatetea kwa hilo. Nasema tu kwamba kijana anayeanza uchekeshaji Dar aliiona adhabu ile ikimfika msanii mkubwa kuliko wote nchini, akajua yeye akikosea neno moja hewani hatakuwa na wa kumsimamia. Nani atathubutu kwenda mubashara?

Sitaki tuwe Marekani. Saa peke yake haimlindi mama mkwe wangu, na sitaki siku ifike ambapo klipu ile itapita sebuleni na hakuna atakayetazama chini. Aibu ile ina kazi. Inatufanya tukae chumba kimoja, wazee na vijana, na kuheshimiana. Lakini aibu ya sebuleni ilitengenezwa kwa watu wanaojuana, na ndani yake kulikuwa na msamaha: aliyeropoka alikemewa, akaomba radhi, jioni akala na wenzake. Tulipoipeleka kwenye televisheni tuliuchukua ukali tukauacha msamaha. Sasa siku hizi klipu ya sekunde nane inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa mwezi mzima, na aliyeteleza hana hata mlango wa kugonga aombe radhi.

Saa tunazo tayari. Kanuni za utangazaji za Kenya zinaacha saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri kwa vipindi vya watu wazima. Vipaji havijawahi kuwa shida. Cheka Tu, jukwaa la wachekeshaji la Dar, inajaza ukumbi, na vijana wale wanazoea kila mara kuchekesha mbele ya watu bila kurudia. Kinachotakiwa ni kituo kimoja kikubali kubeba mzigo: kitangaze mapema kwamba kipindi ni mubashara na ni cha watu wazima, ili mwenye mkwe sebuleni ajue la kufanya, na kimwandikie mchekeshaji kwenye mkataba kwamba ulimi ukiteleza bila kukusudia, faini ni ya kituo. Akiteleza, aombe radhi pale pale kwa Kiswahili kizuri, mwenye kipindi aombe radhi pamoja naye, mamlaka iandike barua yake kwa kituo, na wiki inayofuata mchekeshaji yule yule apande jukwaani.