Mguu Wangu Ulifika Chumbani Kabla Yangu

Kwa kuwa rafiki yangu aliyenisindikiza siku ya Ijumaa kwenye ukaguzi wa nyumba tunayotaka kuinunua amekwisha kuisambaza habari hii katika makundi yote ya Waswahili wa Columbus, Marekani, akidai kwamba nilianguka kutoka darini hadi kitandani kwa mwenye nyumba, nalazimika kueleza rasmi kwamba sikuanguka. Ulioshuka ni mguu mmoja tu, wa kulia, nao kitandani haukufika.

Mnajua kwamba ofa yetu ya nyumba ilikubaliwa kwa sharti la ukaguzi. Kwa wale ambao jambo hili halijawafika, mkaguzi haji kutangaza kwamba nyumba imefaulu au imefeli, wala hakuambii ununue au uache. Mnunuzi humlipa dola mia kadhaa, naye kwa saa mbili au tatu huchunguza kile kinachoonekana bila kubomoa ukuta: paa, msingi, mabomba, sanduku la umeme, na tanuri la kupashia nyumba joto. Wetu alikuwa bwana mpole mwenye leseni ya jimbo la Ohio. Alitugawia vifuko vya plastiki vya buluu vya kuvalia juu ya viatu ili tusichafue nyumba ya watu, akafungulia kila bomba, akazijaribu soketi za jikoni na bafuni aone kama zinakata umeme zenyewe, kisha akatega katika chumba cha chini ya ardhi kifaa cha kupimia radoni, gesi ya hatari isiyo na harufu itokayo ardhini, ambacho huachwa hapo kwa saa 48, madirisha yakiwa yamefungwa. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alimfuata kila chumba akiitikia kwa kichwa, ingawa hakuelewa neno hata moja, na mwishowe akatulia na mke wangu na dalali katika chumba kikubwa cha kulala, akipima kwa macho mahali pa kabati.

Ndipo mkaguzi alipopanda darini, akaniambia nibaki kwenye ngazi, kwani picha ataniletea. Sasa mimi nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ambayo dari yake ni boriti za mikoko zilizojazwa mawe na chokaa, ambayo watoto wa mtaa mzima tuliruka juu yake na isitikisike. Aliposema ameona doa la maji karibu na bomba la hewa, sikuridhika kuliona kwa picha. (Nilikuwa nimetoka msikitini moja kwa moja, kwa hiyo nilivaa kanzu. Likumbukeni hilo.)

Mbele yangu ilitandazwa pamba ya kuzuia baridi, nyeupe, nene, iliyosawazika kama godoro jipya. Chini yake mlikuwa na boriti zilizoachana inchi 16, na baina ya boriti na boriti hamna kitu ila ubao wa jasi wa nusu inchi. Nilitanguliza mguu wa kulia, kwani la kheri huanzwa kwa kulia. Kwanza ulisikika mlio mdogo. Mkaguzi aligeuza tochi, akanyanyua kiganja, akasema "Hapana, bwana" kwa upole wa mtu aliyekwisha kuliona jambo hili kwa wengine. Muda wa kumwelewa niliupata. Wa kurudi nyuma sikuupata. Ubao uliachia taratibu: ukapita unyayo, ukapita muundi, likapita goti, hadi nikajikuta nimekaa juu ya boriti, mguu wa kushoto umekunjwa darini na wa kulia unaning'inia chumbani. Kanzu, ambayo wajibu wake ni kunisitiri, haikupita kwenye tundu. Ilibaki juu, imetanda vizuri, haina hata doa. Walichokiona wa chini ni paja, ukingo wa bukta ya maua, na kile kifuko cha buluu.

Chini palikuwa kimya kabisa. Kisha nikamsikia mama mkwe akiuliza, kwa adabu zote za Tanga, "Mwanangu, huyu ni mumeo au ni fundi?" Mke wangu aliutazama mguu kwa muda ambao niliuona mrefu mno, akajibu kwamba bukta anaitambua. (Mnaocheka, siku yenu ipo.)

Mengine si marefu. Nilivutwa, nikapakwa dawa, madalali wakapigiana simu, na gharama ya kuziba tundu ikawa yangu. Ripoti ilifika kesho yake: doa lilikuwa kavu na la zamani, tanuri limezeeka, na katika sehemu ya vyumba vya kulala ipo picha kubwa ya tundu, pamoja na maelezo kwamba uharibifu huo ulitokea wakati wa ukaguzi na inashauriwa urekebishwe na fundi aliyehitimu. Kabla ya kutia saini tutaruhusiwa kuipitia nyumba mara ya mwisho, tuhakikishe kwamba yaliyoahidiwa yametengenezwa. Mama mkwe, ambaye tangu Ijumaa huzungumza nami kupitia kwa binti yake, amemtuma aniulize kama siku hiyo nitavaa suruali.