Shati la Elfu Sabini na Suruali ya Kupunguza

Ukishuka Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, ukaacha lami, kuta zinaanza kusema. Moja baada ya nyingine zimeandikwa kwa rangi nyekundu: "Eneo hili haliuzwi." Nyingine zinaongeza: "Epuka matapeli." Mgeni anaweza kudhani watu wa huku hawataki kuuza ardhi. Wapi! Mahali ambapo ardhi haina soko, nani angehangaika kununua rangi aandike hivyo? Mashamba ya mikorosho na mihogo yamekatwa viwanja vya ishirini kwa ishirini, dalali ana kiti chake cha kudumu chini ya mwembe, na kila mwezi kuna familia inayokaa kikao cha kugawana fedha za ekari ya babu.

Katikati ya hali hiyo kuna duka la nguo za kiume ambalo nimekuwa nikilipitia kwa zaidi ya mwaka sasa. Jina lake naliacha, maana mwenyewe hakuniomba nimpigie debe wala nimkosoe. Ni banda la matofali ya saruji lisilopigwa lipu, lenye cherehani sita za miguu, ovaloki moja ya umeme na meza ndefu ya kukatia. Nyuma yake kuna ekari mbili za urithi: mikorosho ya zamani, minazi michache iliyobaki na miche ya miti ya asili aliyoipanda mwenye duka. Anauza mashati, kaunda suti na kofia za kiua. Vifungo vya mashati vimechongwa kwa vifuu vya nazi, na kusema kweli ni vizuri kuliko vya plastiki nilivyovaa maisha yangu yote.

Shati moja ni shilingi 70,000. Maelezo yake kwa wateja ni kwamba bei hiyo inamlipa fundi wa hapa na kijana anayejifunza, na inaiwezesha familia kutoiuza ardhi bali kuitunza kwa miti. Nimesikia watu wakilibishania jambo hili mpaka chai ikapoa. Kuna wanaosema huu ndio mfano wa kuigwa pembezoni mwa Dar es Salaam. Wenzao wanasema ni usanii wa mjini uliohamishiwa shamba, ili mtu wa Masaki aje na gari kubwa, apige picha chini ya mkorosho na arudi amejisikia vizuri. Wote wanatazama mashati. Mimi naona jambo lenye uzito liko kwenye benchi dogo la pembeni, ambalo hata bango la duka halilitaji. Nitalifikia.

Kwanza ufundi, maana hapa sifa ni ya haki. Anayejua ushonaji anajua kwamba fundi haanzi na mkasi. Kijana anaanza kwa kufagia vipande, kutia uzi, kupiga vifungo na kukunja pindo. Baadaye anapewa mfuko wa suruali, halafu zipu, halafu kola, ambayo imewatoa machozi wengi. Kukata ndiko kunakuja mwisho, kwa sababu mshono ukikosea unafumuliwa, lakini kitambaa kikishakatwa vibaya hakirudi. Kwenye vibanda vingi vya mitaani mlolongo huu umekatika. Fundi ana kazi za sare za shule Januari, za Idi na za Krismasi, na za kamati za harusi zisizokwisha. Nafasi ya kumfundisha mtu hana. Kijana anakaa miaka miwili akishona mapindo, anachoka, anaingia bodaboda. Hapa nimewaona vijana wawili wakifika kwenye meza ya kukatia. Mmoja amejiandikisha kwenye mpango wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi, ambao humpima na kumtambua fundi aliyejifunzia kazini bila kupita darasani. Duka linaloweza kumfikisha kijana hapo linafanya kazi ambayo wengi wetu tunaiachia semina.

Habari ya jamii naipitisha haraka. Kuna baraza, kuna bao, kuna kahawa jioni. Wazee wanakaa. Hilo ni jema, ingawa pwani hii haikuhitaji duka la nguo ili ijue kukaa barazani. Ninachotaka kukisema chini ya kichwa hicho ni kuhusu wasiokaa pale. Kofia ya kiua hutobolewa vitundu vidogo kwa mamia na kila kimoja kuzungushiwa uzi kwa sindano ya mkono. Kofia moja huweza kuchukua miezi, na kwa kawaida washonaji ni wanawake, wakiifanya nyumbani katikati ya kupika na kulea. Wanalipwa kwa kofia, si kwa siku. Dukani kuna picha za mafundi wanaume watatu ukutani. Mama wa kofia hana picha, na ndiye aliyetengeneza bidhaa ghali kuliko zote kwenye rafu ile. Nilipomuuliza mwenye duka, alikuna kichwa akasema, "Kaka, hilo umenishika." Namheshimu kwa jibu hilo, ila heshima haipandishi malipo ya kofia.

Sasa ardhi, na hapa ndipo wapinzani wana hoja nzito kuliko wanavyojua. Wao hulalamikia bei. Wangeuliza kitambaa kimetoka wapi. Pamba ya Tanzania inalimwa zaidi Kanda ya Ziwa, Simiyu na Shinyanga zikiwa mbele, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi husafirishwa nje ikiwa marobota. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, kilikuwa jibu la taifa kwa tatizo hilohilo, na jinsi kilivyodorora tunajua sote tunaopita Barabara ya Morogoro. Kwa hiyo shati la Chanika limeshonwa Chanika, lakini kitambaa kimenunuliwa kwa jora Kariakoo kikitokea Asia. Ardhi iliyobeba mzigo mkubwa wa shati hilo, kwa maji na kwa dawa za wadudu, si hii yenye miche iliyopangwa vizuri nyuma ya banda. Miche ni mizuri. Kuiita malipo ya shati ndiko kunakonitia shaka.

Tena kuna pasi. Umeme ukikatika, fundi anawasha pasi ya mkaa, kama mafundi wote. Hatua si nyingi kutoka hapo uko msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, masalia ya misitu ya pwani iliyowahi kuenea huku, na adui wake wa siku zote ni tanuri la mkaa linalopikia jiji la Dar es Salaam. Simlaumu fundi wa pasi moja, wakati mimi mwenyewe nyumbani nina gunia. Nasema tu kwamba anayeuza shati kwa jina la utunzaji wa ardhi ajue mkaa wake umetoka mti gani. Nilimuuliza. Alikuwa hajui.

Watetezi hupenda kutaja mifano ya mbali, na mmoja wao unastahili kutazamwa vizuri: kitambaa cha sufu cha Harris Tweed, kinachopendwa kwa makoti ya kiume, kutoka visiwa vya magharibi mwa Uskoti. Sheria ya mwaka 1993 ya Bunge la Uingereza inasema kitambaa hicho lazima kifumwe kwa mkono na wakazi wa visiwa hivyo, majumbani mwao, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa hukohuko. Wafumaji wengi wamekuwa pia wakulima wadogo na wafugaji. Watu wanaishia hapo, wanasema: umeona, ufundi umelinda kijiji. Mimi narudi nyuma zaidi ya karne moja. Mwaka 1886, baada ya migogoro mikali na wenye mashamba makubwa, ilitungwa sheria iliyowapa wakulima wadogo wa Uskoti usalama wa kukaa kwenye vishamba vyao bila kufukuzwa. Uhakika wa ardhi uliitangulia sheria ya kitambaa, ndipo kitambaa kikawa na mahali pa kusimama.

Chanika tumeanza na shati. Mwenye duka ana ekari mbili, lakini karatasi alizonazo ni za mauziano ya babu yake yaliyoshuhudiwa na mjumbe, na wajomba watatu wana usemi. Kila mwaka duka linavyojulikana, bei ya kiwanja jirani inapanda. Dalali yule wa chini ya mwembe analitumia duka kama alama: "Pale kwa mafundi, mita mia tatu, gari inafika." Kwa namna hiyo duka linalosema linazuia kuuzwa kwa ardhi linaisaidia kuuzika. Halikukusudia hivyo, wala sioni kama lingeweza kukwepa. Lakini ningelitaka lianzie kwenye hati na wajomba, kabla ya bango la miti.

Kuhusu bei, hoja ya kawaida ni mitumba. Pale soko la Karume shati zuri la mtumba unalipata kwa shilingi elfu tano, ukijua kuchagua asubuhi belo linapofunguliwa. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzipitia upya nafuu za AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, nchi nyingine zikalegeza kamba, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Kwa hiyo mtu wa Chanika ataendelea kuvaa mtumba, na mimi simwoni msaliti. Shati la elfu sabini hatalinunua kamwe, na duka likitegemea aibu yake litafungwa.

Lakini yeye huyohuyo yuko pale dukani kila nikipita. Ndilo lile benchi la pembeni. Pana mzee mmoja mwenye cherehani ya zamani, kazi yake ni kupunguza miguu ya suruali, kubana mashati mapana, kubadili zipu, kugeuza kola iliyochakaa upande wa ndani uje nje, na kutia viraka. Mteja wake ni mwalimu, konda, mwanafunzi, mama aliyeleta koti la marehemu limtoshe kijana. Elfu mbili, elfu tatu. Mwenye duka aliniambia benchi hilo linaingiza fedha kidogo kuliko vyote, na mshauri mmoja wa biashara alimwambia aliondoe aweke kioo cha kujitazamia.

Nadhani huyo mshauri angeua kitu cha kweli pekee ambacho duka linaweza kudai kuhusu ardhi. Nguo iliyoongezewa miaka mitatu ni nguo nyingine isiyonunuliwa, ni pamba isiyolimwa na mzigo usiofika dampo la Pugu Kinyamwezi. Tena ndipo mahali pekee ambapo mteja wa Masaki na konda wa Chanika wanakutana kwenye foleni moja, wote wakisubiri zipu. Wapinzani watasema kila mtaa wa Dar una fundi wa namna hiyo na hakuna anayemwita mtunza mazingira. Ni kweli. Hapo nakubaliana nao kabisa, na ndiyo maana ningependa duka lijifunze kutoka kwake badala ya kumficha pembeni.

Wiki iliyopita nilimpelekea suruali yangu ya mtumba, ndefu kwa kiganja kizima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ijumaa."

Sikuwa nimefungua mfuko. Ijumaa nikaja haikuwa tayari, kama ilivyo ada. Jumapili nikaipata, imekatwa na kukunjwa vizuri. Ndani ya mfuko wa nyuma alikuwa ameweka vile vipande viwili vya miguu alivyovikata, vimepigwa pasi.

"Hivi vya nini, mzee?"

"Magoti yake hayo," akasema, "ya mwaka kesho."