Hela ya mwezi haimgeuzi mama kitandani

Watu wa Dodoma tulioko Uingereza tunapenda kusema kwamba huku wanawatupa wazazi wao, sisi tunakaa nao. Nusu yake ni kweli. Mzee wa Chamwino au Bahi hakosi wa kumsalimia. Huku mlezi wa kulipwa anaweza kuingia, akampa mzee chai na dawa, akatoka ndani ya dakika 15, na mzee asisikie sauti nyingine hadi kesho.

Lakini kukaa na mzee si kumtunza. Huku wametuzidi kwa jambo moja: mzee anakaguliwa. Chini ya sheria ya matunzo ya mwaka 2014, halmashauri za England lazima zifuatilie zikipata dalili kwamba mtu anayehitaji matunzo ananyanyaswa au ametelekezwa. Mlezi naye anaandika: kageuzwa saa ngapi, kanywa vikombe vingapi, ana kilo ngapi. Wengi wetu tunajaza karatasi hizo kila zamu kwa ajili ya wazazi wa wenzetu, halafu wa kwetu tunamtumia hela kwa simu na kuuliza, "Mama hajambo?"

Kidonda hakijibu swali hilo. Mzee asiyeweza kujigeuza huharibika ngozi pale mfupa unapogandamiza godoro na damu ikakosa kupita: visigino, nyonga, juu ya makalio. Ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, na mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse kitu. Kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu. Papasa, utafute palipo na joto, pagumu, au peusi kuliko pembeni yake.

Kiangazi balaa ni maji. Ndoo inatoka mbali, kufua mashuka kunachosha, basi mzee ananyimwa maji asije akakojoa kitandani. Mara nyingi si roho mbaya, ni uchovu. Ila mwisho wake ni choo kigumu, mkojo wa rangi ya chai, na kuweweseka ambako kila mtu anasema ni uzee. Mwili wa mzee hausikii kiu kama wa kijana, kwa hiyo asingojewe aombe. Apewe kidogokidogo tangu asubuhi, vikombe 6 hadi 8 kwa siku, uji wa uwele ukiwemo, isipokuwa daktari amempunguzia.

Ukipiga simu ya video, basi, usiishie usoni. Mwombe anayemtunza naye aandike kwenye daftari kageuzwa saa ngapi na kanywa vikombe vingapi, kisha akuoneshe visigino na daftari hilo. Uliza laini ya simu ya mzee na namba ya siri anazo nani. Mlezi alipwe, na apatikane wa kumpokea walau siku moja kwa wiki, maana aliyechoka ndiye anayeanza kufoka, kisha kufinya.

Mzee akipigwa au kunyimwa chakula, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aambiwe, na polisi pia. Sisi husema tuyamalize kifamilia, na kikao hicho mara nyingi anakiongoza yuleyule anayelalamikiwa.