Watulivu saba kwenye ukurasa mmoja

Mwaka juzi nilipewa kijitabu cha hoteli moja ya ufukweni nikitafsiri kutoka Kiingereza. Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Nikaituma, na kesho yake ikarudi: mhariri alikuwa amezungushia wino mwekundu neno moja kila lilipotokea. Ukurasa wa tatu peke yake ulikuwa na maduara saba. Bahari tulivu, bustani tulivu, wahudumu watulivu, hadi punda wa kuwabeba watoto naye mtulivu. Pembeni kaandika: "Ndugu, hoteli nzima imelala?"

Kiingereza kilikuwa kimesema calm, tranquil, serene, placid, composed. Kamusi yangu iliyajibu yote kwa neno lile lile. Hapo wapo wenzangu wanaosema basi, Kiswahili kimepungukiwa. Sikubali. Tunachopungukiwa ni subira ya kuuliza: kilichotulia ni nini hasa?

Calm ni neno la bahari na upepo. Kwenye kipimo cha upepo alichokianzisha Francis Beaufort mwaka 1805, calm ndiyo sifuri: moshi unapanda wima na bahari imekuwa kioo. Mvuvi wa pwani atakwambia hiyo ni shwari, wala hahitaji kamusi. Shwari ni neema kwa mwenye kasia, lakini nahodha wa jahazi anayeshinda kutwa tanga likining'inia kama shuka kwenye kamba hataiita neema. Na kilicho shwari kinaweza kuchafuka saa yoyote. Ndiyo maana anayefoka huambiwa calm down, kisha akafoka zaidi. (Mwambie mwenzio "hebu tulia" katikati ya ugomvi, uone.)

Placid ni la ng'ombe anayecheua chini ya mwembe. Hasumbuliwi na kitu kwa sababu hana analowaza. Punda wetu alistahili hilo: mpole, basi. Ila ukimwita meneja wa hoteli placid, umemsifu nusu na nusu umemwambia amepooza kidogo.

Wahudumu walikuwa composed, na hapa ndipo nilipojionea aibu zaidi. Composed si mtu aliyetulia hata kidogo. Ni mjane anayepokea mikono ya wageni msibani, sauti haitetemeki, mtandio umekaa sawa, na ndani anaungua. Ni mhudumu anayetukanwa kwa sababu ya supu iliyopoa, naye anajibu "samahani, bwana" bila kukunja uso. Huyo sisi tunasema amejikaza. Tena amejikaza kisabuni. Kumwita mtulivu ni kumdhulumu, maana kazi yote anayoifanya haionekani.

Tranquil na serene ndiyo mapacha wanaosumbua. Mwezini kuna nyanda mbili zilizopakana, zinazoitwa bahari (mare) kwa Kilatini: Mare Tranquillitatis, ilikotua Apollo 11 Julai 1969, na Mare Serenitatis. Kwa kamusi yangu zote ni Bahari ya Utulivu, na mwanaanga ashapotea. Lakini tranquil ni mahali ambapo kelele haifiki, na "tulivu" inalitosha kabisa. Hilo nikalibakiza kwenye wangwa wa nyuma ya hoteli. Serene limetoka kwenye Kilatini, kwa anga isiyo na wingu. Ni utulivu wenye mwanga. Kwetu, mawingu yakiondoka tunasema mbingu imetakata, na nilifurahi sana kulipata neno hilo saa sita za usiku.

Nikaandika "bustani zilizotakata". Mhariri akajibu kwamba msomaji atadhani zimefagiliwa.

Nikajaribu "kunjufu", nikajaribu "nyeupe", zikazidi kuharibika. Mwishowe kijitabu kilichapwa na "tulivu" mbili: ya wangwa, na ya bustani. Ya pili bado inaniwasha.