Kibwebwe cha Punakha

Asubuhi tulipoondoka Thimphu, mji mkuu wa Bhutan, baridi ilikuwa kali, na tulipofika juu ya mlima, kwenye njia ya Dochula iliyo mita 3,100 kutoka usawa wa bahari, nilikuwa nimevaa karibu nguo zote za sandukuni na bado meno yaligongana. Ndiyo maana tulipoteremka katika bonde la Punakha, mita 1,200 hivi, nikakuta jua la maana na machungwa yanauzwa kando ya barabara, nilijiona nimerudi kwetu Tanga. Nilinunua machungwa kumi na kuvaa kaptula.

Kumbe kaptula haiingii ngomeni. Niliarifiwa hayo kwenye daraja la mbao lenye paa, mbele ya ile ngome nyeupe iliyoanza kujengwa mwaka 1637, pale mto Mo Chhu, ambao wenyewe husema ni wa kike, unapokutana na Pho Chhu, wa kiume. Dereva wetu, Mungu amzidishie, alirudi garini akaleta gho yake ya akiba. Gho ni vazi la wanaume wa Bhutan, mfano wa joho, ambalo huvutwa juu hadi magotini na kukazwa kiunoni kwa mkanda wa kufumwa uitwao kera, kisha kitambaa kinachozidi hufanya mfuko mkubwa kifuani. Alipotaka kunifunga nilimzuia kwa adabu. Mtu aliyefunga kikoi tangu hajaota ndevu afungwe na mwenziwe?

"Baba Salma, mwache akufunge," alisema mke wangu. "Hicho si kikoi, ni kibwebwe."

Sikumsikiliza. Nilijifunga mwenyewe, nikatia machungwa yote kifuani, nikatangulia.

Ngazi za mlangoni ni za mbao na zimesimama mno, kwani zilitengenezwa ili ziweze kuvutwa juu adui akija. Kwangu mimi hapakuwa na haja ya kuzivuta. Watawa wa Thimphu huhamia Punakha kila majira ya baridi, na kundi la watawa wadogo wenye majoho mekundu lilikuwa likiteremka nilipofika katikati na kera ikaachia. Gho ilishuka hadi vifundoni, nikaikanyaga, nikapiga magoti, na ile kaptula iliyokatazwa ikaonekana na kila aliyekuwapo. Machungwa yalishuka moja moja, kila ngazi na mdundo wake, bila haraka yoyote.

Watawa walijaribu kwanza kujizuia, wakashindwa. Mdogo kuliko wote aliyakusanya ndani ya joho lake na kunirudishia tisa. La kumi alikuwa ameshalimenya. Akanimegea pande moja, nami nikalila nimesimama, mikono juu kama ninayepekuliwa uwanja wa ndege, huku dereva akinikaza kera upya na mke wangu akimhimiza aongeze kidogo.