Sinia la Mama Mkwe Juu ya Gari la Kazi

Kwa kuwa dereva wetu ameshaisambaza habari hii katika kila kikundi cha WhatsApp alichomo, kikiwemo cha ukoo wa mke wangu, nalazimika kueleza yaliyotokea kabla hayajatiwa chumvi zaidi. Sinia halikuwa na pilau. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo swali mnaloniuliza wengi wenu tangu jana.

Kazi yetu ni kuzunguka Mombasa na kuandika mahali ilipo kila nguzo ya taa za barabarani. Laptopu tunayotumia ni ile ya ganda gumu, ambayo ukiiangusha hupati hofu ya laptopu bali ya sakafu, nayo hukaa kwenye kitako kilichofungwa kando ya dereva. Ugumu huo, hata hivyo, hauisaidii lolote katika kunasa GPS, yaani mawimbi ya satelaiti yanayoiambia iko wapi. Satelaiti zenyewe ziko juu takriban kilomita 20,200, mawimbi yake hufika huku chini yakiwa dhaifu mno, na vioo vya gari letu vimebandikwa tinti yenye madini inayoyapunguza hata hayo machache. Nyali, kwenye uwazi, tulijikongoja. Tulipoingia Mji wa Kale, ambako nyumba za ghorofa zimeibana njia hadi mbingu imebaki kama utepe, mawimbi yakawa yanagonga kuta kwanza ndipo yatufikie, na nguzo za Ndia Kuu zikaandikwa kuwa zimesimama sebuleni mwa watu.

Dawa yake inajulikana: antena ya nje juu ya paa, yenye kunasa GPS na mtandao wa simu, waya wake ukachomekwa kwenye kitako cha laptopu. Tukaletewa antena ya sumaku. Paa la gari letu, lile la juu la kuongezea, ni la faibaglasi. Sumaku haikushika, na hata ingegundishwa kwa gundi, antena ya simu ya aina ile huhitaji bati chini yake ili ifanye kazi vizuri. Kwa masafa ya simu ya megahetzi 900, robo ya urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 8, basi chuma kinapaswa kutandaa angalau kiasi hicho pande zote. Yashikeni maelezo haya, maana niliyatoa tena baadaye mahali pasipostahili.

Jikoni kwetu palikuwa na sinia. Masinia mengi siku hizi ni ya alumini, na sumaku haishiki alumini. Hili lilikuwa la zamani, la chuma kilichopakwa enameli, lenye maua katikati. Lilikuwa la mama mkwe, liliazimwa wakati wa akika, na kila alipoliulizia, mke wangu alimjibu kwamba bado halijarudi kutoka kwa majirani. Nililifudikiza juu ya paa ili lisikusanye maji ya mvua, nikalifunga kwa kamba ya manila iliyopita madirishani, nikaiweka antena katikati. Mtandao ukajaa na GPS ikatulia. Siku ile nzima nilitembea kifua mbele.

Sasa msicheke bado. Tulikuwa Ndia Kuu, nyuma ya mkokoteni wa mitungi ya maji uliokataa kusogea, nami nimeinamia kioo cha laptopu nikihesabu satelaiti kwa raha zangu, niliposikia kutoka juu sauti ikisema, "Ewe!" Niliijua sauti kabla sijainua kichwa. Dirisha la ghorofa ya pili lilifunguka ubao mmoja, kisha wa pili. Ukatokea mkono wenye hina. Mkono ukarudi ndani, ukatoka na miwani. Mama mkwe akaivaa polepole, akatazama, wala hakunitazama mimi, alitazama paa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba chini ya sinia, upande ule ule niliougeuza uelekee mbinguni, yeye mwenyewe alikuwa ameandika herufi mbili za jina lake kwa rangi nyekundu ya mafuta, ili lisipotee kwenye shughuli za watu.

"Mkwe, hilo lililo juu ya gari ni nini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nauliza hilo ni nini."

"Ni antena, mama."

"Antena naiona. Nauliza ilichokalia."

Madirisha ya jirani yakafunguka. Wazee wa barazani wakashusha vikombe vya kahawa. Mwenye mkokoteni, ambaye sasa njia ilikuwa wazi mbele yake, aliamua kusimama asikilize, na dereva wangu, badala ya kupiga honi, akatoa simu akaanza kurekodi. Mimi, kichwa nje ya dirisha, nikamweleza mama mkwe habari za megahetzi 900 na robo ya wimbi. Nilipofika kwenye sentimita 8 akanikatiza: "Na mke wako anajua lilipo?"

Mengine ni mafupi. Sinia lilifunguliwa pale pale, likapandishwa juu na mtoto wa jirani, likiwa limebanduka enameli ukingoni. Fundi wa kuchomelea Mwembe Tayari amenikatia bati la chuma, tumeligundisha kwenye paa, na linafanya kazi sawasawa na sinia. Mke wangu huzungumza nami kupitia watoto. Nguzo iliyo chini ya dirisha lile imeandikwa mahali pake barabara, lakini zilizobaki za mtaa ule bado, nami nimeomba nipangiwe Likoni.